Mtu wa Kututangulia

Baridi ya Mbinga haina adabu kwa mtu wa ziwani. Inaingia kwenye mikono ya sweta, inashuka mgongoni na kukaa huko kama imealikwa. Lakini Eliza hakuwa akitetemeka kwa baridi, na mwenye macho alilijua hilo, kwa sababu tangu afike kwenye uwanja wa mahakama hakuwa ametulia. Alikwenda mpaka kwenye mikaratusi, akarudi. Alifunga kitenge, akakifungua, akakifunga upya. Mama yake, Marselina, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la barazani na rozari ya kuazima mkononi ingawa yeye ni Mwanglikana tangu utotoni, alimwambia, "Kaa, mwanangu. Unatuchosha macho."

Eliza akakaa. Kabla benchi halijapata joto akasimama tena.

Siku hiyo ilikuwa zamu yake ya kusema. Mdogo wake, Hamphrey, alishtakiwa kwa kumbaka Herieth, mwanamke jirani mwenye chanja zake za kuanikia usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, pale kwao Ngumbo, mtu mzima anayejitafutia riziki bila kumwomba mtu chumvi. Upande wa mashtaka ulikuwa umemaliza mashahidi wake. Hamphrey alikuwa ameshajitetea mwenyewe. Sasa alibaki Eliza, na baada ya Eliza hapakuwa na mwingine.

Wakili aliitwa Xaveri. Alikuwa kijana wa Songea, mwenye tai na viatu vinavyong'aa, aliyeletwa na shirika linalowatetea wasio na uwezo wa kuweka wakili. Hakuwa mtu mbaya. Alimvuta Eliza pembeni, mama asisikie, akamrudia yale aliyokwisha kumwambia, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Mama Glorious, sikiliza tena. Kosa hili halina miaka mitano wala kumi. Likithibitika ni thelathini kwenda juu, mpaka maisha, na fidia juu yake. Hakimu hata akimwonea huruma hana pa kupunguzia. Kwa hiyo hatuingii mle kuomba huruma. Tunaingia kuonyesha shaka."

"Ndiyo, wakili."

"Katika kesi hizi neno la mwanamke mwenyewe linatosha, hakimu akimwamini. Mimi sina haja ya kumwita mtu mwongo. Nataka hakimu asite tu. Na ana mawili ya kumfanya asite. La kwanza, Herieth alikaa karibu wiki nzima ndipo akaenda polisi, hata daktari alipompima hakuona kitu cha kushika. La pili ndilo la kwako. Mama yake Herieth amesema mlikwenda kwao kuomba radhi. Wewe utaeleza kwamba ni desturi. Jirani akipatwa na jambo, watu huenda kumpa pole, na hawaendi mikono mitupu. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli," Eliza alisema.

"Basi sema kweli hiyo hiyo, usiongeze kitu. Tukitoka hapa mnarudi naye nyumbani."

Akampigapiga begani, akaenda kutafuta chai. Na Eliza akarudi kwenye mikaratusi yake, kwa sababu wakili alikuwa amesema sawa, kila neno lilikuwa sawa, na bado lote lilikuwa uongo.

Siku ya jambo lenyewe haikuwa na dalili yoyote. Ulikuwa mchana mweupe. Eliza alikuwa akimenya mihogo nyuma ya nyumba. Hamphrey akatokea njia ya kwenye miamba, si njia yake ya kila siku, shati limelowa na limechanika kwapani, mikwaruzo mipya shingoni. Kwa kawaida alikuwa akiingia nyumbani kwa kelele. Alikuwa mwimbaji wa besi kwenye kwaya, mtu wa kumtania kila mzee na kumbebea kila mama ndoo, na angekuwa mbaya wa siku zote mambo yangekuwa mepesi. Siku hiyo aliinama mbele ya dada yake bila hata kumpa salamu.

"Dada, tafuta mtu atutangulie kwa kina Herieth."

Kisu kilisimama kwenye muhogo. "Kuna nini?"

"Nimeharibu," alisema. "Usiniulize. Tafuta mtu."

Na Eliza hakuuliza zaidi. Hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi, kwamba hakuuliza kwa sababu alikuwa ameshaelewa.

Kwao, mtu akifiwa au akiugua, unajitwisha unga wako unakwenda mwenyewe, unasema pole, unakaa, unaondoka. Hata mtoto anatumwa. Lakini mtu wenu akimkosea mtu wa watu, huthubutu kusogelea mlango wao kwa miguu yako. Unamtafuta mtu anayeheshimika na pande zote mbili, anatangulia, wewe unafuata nyuma umeinamisha kichwa. Huyo anayetangulia halitaji kosa. Anasema tu, "Tumekuja kwa unyenyekevu." Wenyeji wakishamwona yeye mbele na ninyi nyuma, wameshaambiwa yote. Baada ya hapo wanatakiwa watulie, wakutane wao kwa wao, ndipo watoe jibu. Ndivyo watu wa pale walivyomaliza magomvi ya mbuzi, ya mipaka ya mashamba na ya mimba za nje, na kwa mambo hayo inafaa sana. Eliza alichukua chombo cha kumalizia ugomvi wa mbuzi akaenda kumalizia jambo hili.

Alimwendea Mzee Bartholomayo, mzee wa kanisa. Mzee alimsikiliza, akakohoa, akavaa koti. Wakaenda, Bartholomayo mbele, Eliza nyuma na kuku mkononi na kikapu cha unga kichwani. Getrude, mama yake Herieth, aliwaona wakiingia uani akashika mlango kwa mikono yote miwili. Mzee akasema ya unyenyekevu. Ndani, nyuma ya pazia, mtu alikuwa akilia kwa sauti ya chini. Eliza akafungua kinywa, na kilichotoka hakikuwa pole. Kilikuwa, "Tunaomba mtulie kwanza, mama. Msiende mbali. Tupeni nafasi wazee wakae."

Getrude akatulia, maana ndivyo inavyotakiwa. Alingoja jibu liandaliwe upande wake, akangoja upande wa pili waje kuonyesha uso. Zikapita siku. Hamphrey alipoona kimya, alijipa moyo. Akaanza kuimba tena. Mzee Bartholomayo alipomfuata kumuuliza lini watarudi kule, alimjibu kwamba hajui anazungumzia nini. Hapo ndipo Herieth mwenyewe aliposimama, akampita mama yake, akapanda mpaka kituo cha polisi.

Mzee Bartholomayo alikufa kwa kifua kabla ya Pasaka, kesi ikiwa inapigwa tarehe. Watu walimlilia sana. Hamphrey, aliyekuwa nje kwa dhamana, aliimba mazikoni, na ile besi yake ilimpanda Eliza mgongoni kama siafu.

Kisha Getrude alikuja kutoa ushahidi. Wakili Xaveri mwenyewe alimsimulia Eliza jinsi alivyomhoji, na alikuwa na haki ya kujisifu. Alimuuliza kama Eliza alitamka kwamba Hamphrey amekosa. Getrude akasema hapana. Alimuuliza kama Mzee Bartholomayo alilitaja neno kubaka. Hapana. Je, mzee wa kanisa kumtembelea mtu mwenye huzuni ni ajabu? Si ajabu. Basi. Yule mama akashuka. Haikumpitia akilini kueleza maana ya mtu kutangulia, kwa sababu maisha yake yote hajakutana na mtu asiyeijua. Hakimu alikuwa mtu wa Kanda ya Ziwa Viktoria. Mwendesha mashtaka alikuwa dada wa Dodoma. Wakili mwenyewe alikulia mjini. Pale ndani aliyebaki akijua alikuwa Hamphrey peke yake, naye alikaa kizimbani ametulia kama mtu anayesubiri mahubiri yaishe.

"Mama Glorious!" karani aliita mlangoni. "Eliza, shahidi wa pili wa utetezi!"

Marselina alimshika mkono binti yake kabla hajapita. Kiganja chake kilikuwa cha moto. "Mwanangu, baba yenu alichukuliwa na ziwa. Mimi sina mwingine wa kiume. Unanisikia? Mlete."

"Nimesikia, mama."

Kesi za namna hiyo husikilizwa mlango ukiwa umefungwa, watu wa nje hawaruhusiwi. Chumba kilikuwa kidogo kuliko alivyofikiri, na hapakuwa na pa kutembea. Hilo ndilo lililomtia hofu kwanza, kwamba miguu itabaki mahali pamoja. Akaapa kwa Biblia. Hamphrey alimtazama, akatabasamu na kumkonyeza kidogo, kama alivyokuwa akimkonyeza utotoni akiwa ameiba sukari na dada yake anaulizwa. Eliza ndiye aliyemlea baada ya baba kufa. Aliacha shule ili yeye asome. Alimfundisha kuvaa kaptula.

Wakili aliuliza, yeye akajibu. Ndiyo, alikwenda kwa kina Herieth. Ndiyo, alibeba kuku na unga. Ndiyo, ni desturi kwao kumpa pole jirani. Hapana, hakumwona mdogo wake akimfanyia mtu ubaya wowote. Majibu yalitoka laini, moja baada ya jingine, na wakili alikuwa anang'aa kuliko viatu vyake.

Mwendesha mashtaka akasimama. Alijaribu huku na kule. "Shahidi, ulijuaje kwamba jirani yako amepatwa na jambo, wakati yeye hakuwa amemwambia mtu?"

"Kwetu habari haijifichi."

"Nani alikuambia?"

"Nilisikia mtu analia."

"Ulisikia ukiwa kwako?"

"Nilisikia," alisema, na hilo lilikuwa kweli, alisikia, ila akiwa ameshafika. Mwendesha mashtaka alimtazama kidogo, akaandika, akakaa. Alikuwa amepita karibu kabisa na mlango bila kujua kuwa ni mlango.

Wakili akasema hana swali zaidi. Hakimu, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliandika mpaka akamaliza sentensi yake. Kisha, kwa ule utaratibu wake wa kila siku, huku akigeuza karatasi, akasema, "Haya mama, una la kuongeza kabla hujashuka?"

Mtu mwenye akili angesema hapana. Eliza alikuwa na ile hapana mdomoni kabisa. Thelathini. Hamphrey angetoka mzee, mama akiwa ameoza kaburini. Lakini kile kilio cha nyuma ya pazia hakikuwa kimemtoka masikioni tangu siku ile, kilikuwa naye akipika, kilikuwa naye kanisani, na sasa kilikuwa naye mle ndani, kimekaa kooni pale pale neno linapopita.

"Mheshimiwa," alisema, "kwetu kutoa pole mtu huenda mwenyewe. Hatutafuti mtu wa kututangulia."

Hakimu aliinua macho. "Sijakuelewa."

"Mzee Bartholomayo hakuja kutoa pole. Alitutangulia. Anayetanguliwa ni mwenye kosa. Kila mtu wa kwetu anajua. Mama Getrude hakusema kwa sababu alidhani na ninyi mnajua."

Wakili alisimama kama aliyekalia kaa la moto. "Mheshimiwa, shahidi amechoka..."

"Kaa, wakili. Nitakupa nafasi yako." Hakimu aligeukia ukurasa mpya. "Nani alikutuma umtafute huyo wa kuwatangulia?"

Eliza alimtazama Hamphrey. Alikuwa bado na lile tabasamu, limesahauliwa usoni. Midomo yake ilisema dada, bila sauti.

"Mdogo wangu. Alitokea njia ya kwenye miamba, shati limechanika, shingo imekwaruzwa. Akaniambia, 'Dada, tafuta mtu atutangulie kwa kina Herieth.' Nikamuuliza kuna nini. Akasema, 'Nimeharibu.'"

Kalamu ya hakimu ilikuwa inakwaruza karatasi.

"Na kule kuchelewa kwenda polisi, Mheshimiwa, wasilaumiwe wao. Ni sisi. Mimi ndiye niliyewaambia watulie. Nilisema wazee watakaa. Hawakukaa."

Wakili alipewa nafasi yake, akauliza alichoweza kuuliza. Je, alimwona kwa macho? Hapana. Je, kuharibu si neno la mambo mengi? Ni la mambo mengi. Je, si kweli kwamba hana uhakika? Hapo Eliza akasema kwamba yeye ndiye aliyemlea, na anaijua sauti yake akisema uongo na akisema kweli, na siku ile alisema kweli. Alipoambiwa ashuke, alishuka. Hamphrey alikuwa ameinamia sakafu, na mgongo wake uliotetemeka ndio alioutazama mpaka karani akamfungulia mlango.

Nje, Marselina alisoma uso wa wakili kwanza, halafu wa binti yake. Aliweka rozari kwenye benchi, akaondoka kwenda kusimama peke yake kwenye jua.

"Tulikuwa tumeshinda," Xaveri alisema, sauti imemwisha. Hakuwa na hasira, alikuwa ameduwaa kama mtu aliyeporwa mchana. "Ungesema hapana moja tu."

"Najua, wakili."

"Kwa nini basi?"

Eliza alitaka kumwambia habari ya kile kilio, akaona haitaingia kwenye masikio ya mtu mwenye tai. "Nilishindwa kukaa," alisema, na akaanza kutembea.

Hukumu ilisomwa mahindi ya mlimani yakiwa yamevunwa. Miaka thelathini, na fidia. Hakimu alieleza kwamba amemwamini Herieth kwa maneno yake mwenyewe, na kwamba ushahidi wa utetezi ulimwondolea shaka mbili alizokuwa nazo. Hamphrey hakulia. Wakati askari wanamfunga pingu aligeuka, akamtafuta dada yake kwa macho, akasema kwa ile sauti yake nzito, "Nyavu zangu zisikae chini, dada. Panya watazitafuna." Akapelekwa. Hakusema mimi sijafanya, na tangu siku ya ushahidi hakuwa amelisema tena.

Nyumbani Marselina alianza kujipikia. Aliweka mafiga yake upande wa pili wa ua, akawa anachemsha sufuria yake ndogo akiwa amempa Eliza mgongo. Kwenye kwaya waliacha kuimba nyimbo zenye besi. Wako waliompongeza kwa kunong'ona, wakiangalia kwanza nani yuko karibu, na wako waliokuwa wakihama benchi akikaa. Eliza alivumilia yote hayo. Ukweli ni kwamba moyoni alikuwa na mahali pamoja alipopatazamia, pa kupata nafuu kidogo, na mahali penyewe palikuwa kwenye chanja za Herieth. Hakutaka asante. Alijiambia hivyo njia nzima ya kushukia ufukweni. Alitaka asante kuliko maji.

Herieth alikuwa akigeuza usipa kwa viganja. Alikuwa amekonda, lakini mikono yake ilikwenda haraka kama zamani. Eliza, aliyemzidi umri kiasi cha kuamkiwa, ndiye aliyeanza.

"Habari za kazi, Herieth?"

"Nzuri."

"Nimekuja..."

"Nimesikia ulivyosema kule," Herieth alisema bila kuinua kichwa. "Mama aliambiwa siku ya hukumu."

"Nilisema yote."

"Ulisema." Aligeuza fungu jingine. "Mimi nilisimama pale peke yangu, dada Eliza. Wakaniuliza kwa nini sikupiga kelele. Wakaniuliza kwa nini nilikaa siku zote zile, kama nilikuwa natunga. Yule wakili wenu alinirudia swali hilo mpaka nikawa sijui hata jina langu. Nikajibu kwamba niliogopa. Niliona aibu kusema tulikuwa tunawangoja ninyi."

"Nisamehe."

"Siku hizo zote ulikuwa unapita hapa. Unaniuliza habari za kazi. Unaniuliza usipa umekaukaje." Sasa alimtazama, na macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Na ulikuwa unajua."

Eliza alitafuta neno. Alikuwa amelipata mahakamani, mbele ya hakimu na askari, lakini hapa, mbele ya mwanamke aliyeshika samaki, hakuwa nalo.

"Sikufukuzi," Herieth alisema. "Njia ni ya wote. Lakini kuanzia leo ukinipita usinisalimie. Mpaka nianze mimi."

"Utaanza lini?"

"Sijui. Pengine nisianze."

Eliza akaitikia kwa kichwa, akageuka, akapanda.

Kesho yake asubuhi alishuka kuchota maji. Iko njia nyingine, inayopitia nyuma ya kanisa, fupi zaidi na yenye kivuli. Alichukua ya chanja. Salamu ilimpanda mpaka kwenye meno, kama inavyompanda mtu yeyote aliyelelewa vizuri, naye akaibana hapo hapo na kupita polepole, ndoo kichwani. Herieth alikuwa amempa mgongo.

Siku iliyofuata alipita tena.